Wageni wangu walikosa bia Phuket: je, siku za dini zinafukuza watalii?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni wakala wa safari hapa Mombasa. Julai 2025 nilipeleka kundi la watu 14 Phuket, maharusi wawili na marafiki zao. Tulifikia nyumba ya kupanga yenye bwawa, si hoteli. Siku ya pili tukaenda kula samaki ufukweni, wanaume wakaagiza bia, mhudumu akatabasamu na kutikisa kichwa. Dukani vivyo hivyo. Kesho yake tena! Mmoja akanidai nimrudishie pesa, eti nimempeleka 'kwenye mfungo bila kumwambia'. Mume wangu anasema ni kama Ramadhani ya Zanzibar. Ile ni sheria gani, inamhusu nani, na nchi inayoishi kwa watalii inawezaje kujifungia baa? Haiwafukuzi wageni? Nataka kupeleka kundi jingine."

Marahaba, dada. Kwenye kalenda nzima ya Thailand uliangukia siku mbili mbaya kuliko zote kwa mtu mwenye kiu ya bia. Tarehe 10 Julai 2025 ilikuwa Asalha Bucha, na tarehe 11 ikawa Khao Phansa, sikukuu mbili za Kibudha. Hizo hufuatana kila mwaka kama Idi mosi na Idi pili, na katika zote mbili ni marufuku kuuza kileo, kuanzia saa sita ya usiku hadi saa sita ya usiku unaofuata. Mngetua tarehe 12, msingejua hata kama sheria hiyo ipo.

Siku zenyewe ni tano kwa mwaka. Makha Bucha, Februari au Machi, ni kumbukumbu ya wanafunzi 1,250 waliokusanyika kwa Budha bila kuitwa. Visakha Bucha, kwa kawaida Mei, ndiyo kubwa kuliko zote: kuzaliwa kwake, kupata kwake nuru na kufariki kwake, yote yanasemwa kuwa yalitokea siku ya mwezi mpevu wa mwezi huohuo. Asalha Bucha ni ya mahubiri yake ya kwanza, aliyowahubiria watu watano tu. Kesho yake ni Khao Phansa, watawa wanapoanza kutulia hekaluni kwa miezi mitatu ya mvua, kipindi ambacho Wazungu wamezoea kukiita Kwaresima ya Wabudha. Oktoba inakuja Ok Phansa, mafungo yanapokwisha.

Ukiitoa Khao Phansa, nne zote zilizobaki ni siku za mwezi mpevu, ndiyo maana tarehe zinahamahama. Ila hazizunguki mwaka mzima kama Idi zetu. Wathai huongeza mwezi wa ziada kila baada ya miaka michache ili kalenda ya mwezi isiachwe na jua, kwa hiyo Visakha haitakuja kuangukia Desemba hata siku moja. Lishike hilo, nitalirudia.

Kwa nini kileo? Kwa sababu ya tano kati ya amri tano anazozishika Mbudha wa kawaida: kujiepusha na vinywaji vinavyomtoa mtu katika uangalifu. Siku nyingine za mwaka Wathai wengi hawaifuati, na wenyewe wanakuambia hivyo wakicheka. Siku za mwezi mpevu ni jambo jingine. Mtu aliyekunywa jana leo anaamka alfajiri kumwekea mtawa wali kwenye bakuli.

Sheria yenyewe ni ya 2008, Sheria ya Kudhibiti Vileo. Mwaka 2009 serikali ikatangaza siku nne za kutouza, na 2015 ikaongeza Ok Phansa. Anayeuza siku hizo anaweza kufungwa hadi miezi sita, au kutozwa faini ya hadi baht 10,000, au vyote viwili. Tangu mwanzo mzigo uliwekwa kwa muuzaji, na ndiyo maana yule mhudumu wenu alitabasamu akakataa: tabasamu ni la adabu, kukataa ni kwa sababu ya jela. Tangu Novemba 2025 sheria iliyorekebishwa inamgusa na mnywaji. Akikutwa anakunywa mahali pa kuuzia katika siku au saa zilizokatazwa, naye anaweza kutozwa hadi baht 10,000.

Nikuonyeshe inavyofanya kazi. Siku moja ya Visakha niliingia duka dogo la mtaani Bangkok kununua maji. Friji ya maji wazi, friji ya bia imezungushiwa mnyororo wa plastiki na karatasi ya maandishi ya Kithai na Kiingereza. Kijana mmoja wa Kizungu akapenyeza mkono chini ya mnyororo, akatoa makopo mawili, akayaweka kaunta. Binti wa kaunta hakubishana naye. Aliyapitisha kwenye mashine, mashine ikalia na kukataa, akamgeuzia skrini ajionee. Kisha akayachukua makopo, akayarudisha frijini yeye mwenyewe, akamuuliza kama atapenda soda. Hakuna aliyepandisha sauti. Nikajiambia, nchi hii imeshayazoea haya.

Na imezoea kweli. Tangu 1972 kulikuwa na katazo la kuuza pombe saa za alasiri, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, lililowekwa ili watumishi wa serikali wasishinde wamelewa kazini. Mtalii wa Thailand wa miongo yote hiyo alikuwa anakutana na katazo kila siku ya Mungu, si mara tano kwa mwaka. Desemba 2025 ndipo walipoanza kulilegeza hilo la alasiri, kwa majaribio.

Sasa sikiliza kuhusu milango iliyoachwa wazi, maana hapo ndipo kundi lako lilipopotea njia. Hoteli zilizosajiliwa chini ya sheria ya hoteli zinaruhusiwa kuuza. Viwanja vya ndege vya kimataifa vivyo hivyo. Mei 2025, Visakha ikiwa mlangoni, serikali ya Paetongtarn Shinawatra, waziri mkuu wa wakati huo, ikafungua mingine: kumbi za starehe zenye leseni, na sehemu zinazofanyiwa matukio makubwa ya kitaifa na kimataifa. Maduka, supamaketi na migahawa ya kawaida vikabaki palepale. Kwa hiyo Julai ile baa yenye leseni ya starehe ingeweza kuwahudumia, na hoteli ingeweza. Ninyi mlikuwa mmelala katika nyumba ya kupanga, ambayo mbele ya sheria si hoteli, mkaenda kula katika mgahawa wa samaki, ambao si ukumbi wa starehe, kisha mkajaribu duka. Mligonga milango mitatu iliyofungwa, na iliyo wazi huenda ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Swali lako kubwa: je, wageni wanafukuzwa? Nimefanya kazi na wageni muda mrefu, na jibu langu ni hapana. Mtalii akikosa bia mezani hapa, anahamia meza nyingine. Hafuti safari. Nani anakata tiketi ya saa kumi angani halafu aifute kwa sababu ya Jumanne moja bila bia? Wengi hata hawajui mpaka wamefika, kama ninyi.

Tazama idadi. Mwaka 2019 Thailand ilipokea wageni wanaokaribia milioni 40, na makatazo yote matano yakiwepo, pamoja na lile la alasiri. Mwaka 2024 walikuwa milioni 35 na nusu. Mwaka 2025, mwaka uleule siku za dini zilipolegezwa kwa jina la utalii, wakashuka hadi milioni 33 hivi. Sisemi kulegeza ndiko kulikowapunguza, la hasha. Wachina waliingiwa na hofu baada ya mwigizaji wao mmoja kuchukuliwa mpakani Januari na kukutwa Myanmar katika kambi ya matapeli wa mtandaoni. Baht ilipanda nguvu. Julai mizinga ikalia mpakani na Kambodia. Hayo ndiyo yanayotikisa viti vya ndege. Bia ya siku tano ni kitone baharini.

Na hapa nalirudia lile la kalenda. Kwa kuwa siku hizi hazizunguki misimu, nne kati ya tano huangukia Mei hadi Oktoba, na hiyo kwa Phuket na pwani yote ya Andaman ni miezi ya mvua na bahari chafu, hoteli zimeshusha bei. Makha Bucha peke yake ndiyo inayoangukia katikati ya msimu wa wageni. Visiwa vya Ghuba, kama Koh Samui na Koh Phangan, vina hali yao, kwa sababu Julai na Agosti kwao ni miezi mizuri. Lakini waulize watu wa Koh Phangan wanafanyaje. Pale ufukwe wa Haad Rin kuna ile tafrija maarufu ya mwezi mpevu, vijana maelfu, ndoo za pombe zenye mirija, ngoma hadi jua kuchomoza. Sasa fikiria: tafrija ni ya mwezi mpevu, na siku ya dini nayo ni ya mwezi mpevu. Zikigongana, tafrija inasogezwa siku moja au zaidi, tarehe zinatangazwa mapema, na watu wanakuja vilevile. Mwezi wenyewe unakuwa umepungua ukucha mmoja, hakuna anayelalamika.

Kuna upande mwingine ambao mawakala wengi hawauoni. Siku hizo zenyewe ni utalii. Ubon Ratchathani, kaskazini mashariki, siku za Asalha na Khao Phansa huandamanisha mishumaa mikubwa kama magari, nta imechongwa majoka, miungu na wapiganaji, mji mzima umejaa wageni na vyumba hakuna. Nong Khai, kando ya mto Mekong, usiku wa Ok Phansa umati hukaa ukingoni kungoja vitufe vyekundu vya mwanga vinavyopanda kutoka majini. Wenyeji husema ni pumzi za Naga, joka la mto, wengine husema mengine. Huo ni umati wa siku kavu, isiyouzwa pombe, na muuza mishikaki wa pale hafungi mapema.

Wanaoumia ni wengine, na hao huwasikii sana mkutano wa utalii unapoitishwa. Baa yenye viti sita isiyo na leseni ya starehe inapoteza mauzo ya siku nzima, ya siku mbili kama ni Julai. Mhudumu anayelipwa kwa siku na kuishi kwa bakshishi anakaa nyumbani. Mgahawa wa familia unauza samaki bila bia, na wewe unajua faida ya mgahawa iko kwenye chupa, haiko kwenye samaki. Mtaa huohuo hoteli kubwa inaendelea kumimina. Mimi hapo ndipo ninapokosana na sheria hii. Kama ni kuheshimu siku ya Budha, sioni kwa nini heshima imdai mama lishe na kumsamehe mwenye vyumba 300. Kulegeza kwa 2025 kumepunguza uchungu kwa wenye leseni za starehe, lakini mwenye kigenge bado yuko nje.

Kwa nini basi wasiifute kabisa? Usidhani ni ukaidi wa watawa tu. Mwaka 2005 kampuni kubwa ya pombe, ThaiBev, ilipotaka kuuza hisa katika soko la Bangkok, watawa na waumini waliingia barabarani na Chamlong Srimuang, jenerali mstaafu na gavana wa zamani wa jiji hilo, miongoni mwa viongozi wao. Mwaka uliofuata hisa zikauzwa Singapore. Kuanzia 2003 kuna kampeni ya kila mwaka ya kuwaomba watu waache pombe miezi yote mitatu ya mafungo, na wake za walevi wanaipenda kuliko mtu yeyote. Barabara za Thailand nazo zinaua mno, na pombe imo. Kwa hiyo waziri anayetaka kuifuta hapambani na hekalu peke yake. Anakuta hekalu, daktari na mama wa nyumbani wamesimama mstari mmoja, na upande wa pili wamesimama wenye baa. Ungekuwa wewe ungechagua upande gani mwaka wa uchaguzi? Wakalegeza kidogo, wakaacha jina la sheria lilivyo.

Ukitaka kuona ya kali zaidi, nenda Sri Lanka. Huko kila mwezi mpevu ni sikukuu, wanaiita Poya, kwa hiyo mwaka una siku kavu 12 au 13, na Vesak ya Mei inachukua siku mbili. Baa na maduka ya pombe yanafungwa. Mgeni wa hoteli hupelekewa chumbani kimyakimya, na kuna migahawa ya ufukweni iliyojulikana kwa kuleta bia ndani ya birika la chai, na vikombe na visahani vyake, kana kwamba mezani kuna bibi wa Kiingereza. Je, Poya imewafukuza wageni? Mwaka 2018 walifika milioni 2.3. Zikaja bomu za Pasaka 2019, korona, kisha mwaka 2022 nchi ikaishiwa mafuta na rais akakimbia. Mwaka 2021 hawakufika hata 200,000. Mwaka 2024 wamerudi kuvuka milioni mbili. Poya zilikuwepo wakati wa kupanda na wakati wa kushuka.

Mume wako na Ramadhani yake hakukosea sana. Zanzibar nako hoteli za watalii huendelea kuuza huku baa za mitaani zikifungwa, kwa hiyo ule mlango wa hoteli ni uleule. Lakini Ramadhani ni mwezi mzima na inagusa chakula cha mchana. Mgeni anaweza kuzunguka Mji Mkongwe saa saba akitafuta pa kula mpaka achoke. Thailand siku ya Visakha inakula kuliko kawaida. Hakuna anayefunga mbele yako, hakuna atakayekutazama vibaya ukitafuna barabarani. Kilichofungwa ni friji moja tu. Mwambie yule mteja wako kwamba neno "mfungo" amelitumia vibaya.

Kuhusu pesa zake, usimrudishie. Ila mwombe radhi, maana kalenda ilikuwa wazi na wewe ndiye mwenye kazi ya kuisoma.

Sasa kundi lijalo. Mwaka 2026 Asalha Bucha ni 29 Julai na Khao Phansa ni 30 Julai. Ok Phansa ni 26 Oktoba. Kabla ya kulipa ndege, weka tarehe hizo mbele yako, na uangalie pia kama kuna uchaguzi, kwa sababu huko pombe husimamishwa kuuzwa tangu jioni ya mkesha wa kura. Kama huwezi kuzikwepa, walaze hoteli yenye usajili na uulize kwa maandishi: "Je, baa yenu inahudumia siku ya Khao Phansa?" Si kila hoteli inayoruhusiwa hukubali, nyingine huzima baa kwa heshima ya wafanyakazi wake. Wanaotaka chupa chumbani wanunue siku moja kabla, mapema, maana jioni ya mkesha foleni dukani huwa ndefu na wenyeji nao wamo. Kilichokatazwa siku ile ni kuuza, si kumiliki. Wasiibebe kwenda nayo hekaluni wala bustani ya umma, huko imekatazwa kila siku.

Na ile birika la chai, dada, mgahawa wowote ukiwapa, kataeni. Anayefungwa ni mwenye mgahawa.

Jioni ya Asalha usiwaache wakizubaa chumbani wakihesabu saa. Wavae nguo za kufunika mabega na magoti, uwapeleke hekalu la karibu jua linapozama. Mlangoni kuna watu wanaouza ua la yungiyungi, udi vijiti vitatu na mshumaa mmoja, vyote kwa bei ya soda. Watu huzunguka jengo kuu mara tatu, mkono wa kulia ukiwa upande wa jengo, hakuna anayeongea, nta inadondokea vidole. Kundi langu la mwisho lilikuwa na mzee mmoja wa Tanga, mpenzi mkubwa wa bia, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi. Alimaliza mizunguko mitatu, akasimama, akazunguka wa nne peke yake. Nilipomuuliza akasema alikuwa amekosea kuhesabu.